Ernst May: alijengea wafanyakazi wa Frankfurt maelfu ya nyumba, kisha akakimbilia Arusha

Kati ya mwaka wa 1925 na mwaka wa 1930, mji wa Frankfurt, nchini Ujerumani, ulijenga nyumba zaidi ya 12,000 kwa watu wa mshahara mdogo na wa katikati. Aliyeongoza kazi hiyo ni msanifu majengo Ernst May, mtoto wa mji huo huo. Miaka michache baadaye hakuweza tena kurudi kwao. Alikuwa mkulima karibu na Arusha, katika Tanganyika ya wakati huo, na kutoka huko akaanza upya kuchora nyumba: Nairobi, Kampala, Moshi, Mombasa.

Mpangaji wa Goma, Bukavu ao Bunia, ambaye amewahi kuhangaika kutafuta garanti ya miezi kadhaa kabla ya kupewa ufunguo wa vyumba viwili, atatambua mara moja swali lililomfuata May maisha yake yote. Je, mtu wa mshahara mdogo anaweza kukaa katika nyumba nzuri? Na kama mshahara wake hautoshi, nani alipe kinachobaki? May alitafuta jibu katika Ujerumani ya kidemokrasia, katika Urusi ya Stalin na katika makoloni ya Waingereza. Kila mahali alipata jibu tofauti, na Afrika ndiko jibu lake lilipungukiwa zaidi.

Mwanafunzi wa Waingereza

Ernst May alizaliwa Frankfurt tarehe 27 mwezi wa saba mwaka wa 1886. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vitu vya ngozi, kwa hiyo kijana hakukulia katika shida. Alisoma usanifu London, Darmstadt na München. Lakini shule iliyomjenga zaidi ni biro ya Raymond Unwin, Mwingereza ambaye alifanya kazi kwake kati ya mwaka wa 1910 na mwaka wa 1912.

Wakati huo Unwin alikuwa akishughulika na mtaa wa Hampstead, kando ya London. Yeye na wenzake walipinga namna miji ya viwanda ilivyokuwa ikijengwa: majumba marefu yaliyobanana, viwanja vya ndani visivyoona jua, familia nzima katika chumba kimoja chenye unyevu. Walitaka nyumba ndogo zenye bustani, njia za miti, na mtaa wenye mipaka inayoonekana. May alibeba wazo hilo kurudi nalo Ujerumani, na hakuliacha mpaka kufa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambamo alitumikia kama mwanajeshi, May aliajiriwa mwaka wa 1919 na shirika la serikali la nyumba za vijijini huko Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland. Nchi ilikuwa imeshindwa vita, pesa ilikuwa inapoteza bei kila siku, na vifaa vya kujengea vilikuwa haba. Mwaka wa 1922, eneo la Upper Silesia lilipogawanywa kati ya Ujerumani na Poland, wakimbizi nao walihitaji kufunikwa kichwa. Hapo May alijifunza kuchora nyumba za mfano, ramani chache zinazorudiwa mara nyingi, ili pesa isipotee katika kuchora kila nyumba upya. Alijifunza pia kwamba msanifu anayejengea maskini anapaswa kujua bei ya mbao na ya simenti kabla ya kushika kalamu.

Mamlaka yote katika biro moja

Mwaka wa 1925, meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimwita nyumbani. Alimpa kazi ambayo wasanifu wachache wamewahi kupewa. Upangaji wa mji, ujenzi wa nyumba, bustani na ukaguzi wa michoro vyote viliwekwa chini yake. Mtu mmoja aliweza kuchagua kiwanja, kuchora mtaa, kuchagua vifaa na hata kuamua kitasa cha mlango kiwe cha namna gani.

Pesa ilitoka wapi? Hilo ndilo jambo ambalo mara nyingi husahauliwa wakati watu wanaposifu kuta nyeupe za Frankfurt. Mwaka wa 1923 pesa ya Ujerumani iliporomoka kabisa. Wenye nyumba waliokuwa na madeni benki walijikuta madeni yao yamefutika, kwa sababu marka walizokopa hazikuwa na maana tena. Nyumba zilibaki kwao, deni likaisha. Serikali ikaona kwamba faida hiyo haikutokana na jasho lao, na tangu mwaka wa 1924 ikaweka kodi juu ya nyumba za zamani. Sehemu ya kodi hiyo ilikopeshwa kwa riba ndogo sana kwa wanaojenga nyumba mpya. Kwa maneno mengine, waliopona katika kuporomoka kwa pesa walichangia nyumba za wale waliopoteza.

Kwa pesa hiyo na kwa viwanja ambavyo mji ulinunua kando kando yake, May alianza. Hakupanua katikati ya mji. Alijenga mitaa mipya ng'ambo ya mashamba, hasa katika bonde la mto Nidda, akaacha mashamba na bustani kati ya mitaa hiyo na mji wa zamani. Praunheim, Römerstadt, Westhausen na mtaa wa Bruchfeldstrasse ni majina ambayo wanafunzi wa usanifu bado wanayasoma. Huo wa mwisho wenyeji waliupa jina la utani kwa sababu nyumba zake zimepangwa mbele na nyuma kama meno ya msumeno, ili kila moja ipate jua.

Nyumba zenyewe zilishangaza watu. Zilikuwa na paa tambarare badala ya paa la mteremko, kuta laini zilizopakwa rangi, madirisha mapana, na hakuna mapambo. Leo sura hiyo ni ya kawaida kote duniani. Wakati ule wapinzani walisema nyumba hizo si za Kijerumani, na kwamba zinafanana na za nchi za Waarabu. Kwa May, paa tambarare lilikuwa pia hesabu: mbao kidogo, kazi kidogo, na fasi ya kuanikia nguo juu.

Alijaribu pia kutoa nyumba katika kiwanda. Tangu mwaka wa 1926, Frankfurt ilitengeneza vipande vikubwa vya ukuta kwa simenti iliyochanganywa na jiwe jepesi la volkano, lile lenye matundu linaloelea majini. Kipande kimoja kilikuwa na urefu wa mita 3, kimo cha mita 1.1 na unene wa sentimita 20. Gari liliyafikisha kiwanjani, mashine ya kunyanyua ikayapanga moja juu ya lingine, na kuta za nyumba zikasimama kwa siku chache tu. Watu wasio na kazi walipata ajira humo. Hata hivyo bei haikushuka kama May alivyotumaini. Kiwanda chenyewe kiligharimu, na nyumba nyingi za Frankfurt ziliendelea kujengwa kwa matofali na mikono ya mafundi wa kawaida.

Jiko la Margarete Schütte-Lihotzky

Katika kikosi cha May kulikuwa na mwanamke kijana kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, mmoja wa wanawake wa kwanza wa Austria waliosomea usanifu. Mwaka wa 1926 alipewa kazi ya kuchora jiko. Wakati huo familia nyingi za wafanyakazi zilipika, kula, kufua na hata kulala katika chumba kimoja.

Yeye alihesabu hatua. Mama anatembea mara ngapi kati ya moto na maji, kati ya meza na kabati? Alitazama jiko la treni, ambamo mpishi mmoja hulisha mamia ya wasafiri katika fasi ndogo sana. Mwishowe alichora chumba chenye upana usiofika mita 2 na urefu wa karibu mita 3 na nusu. Kila kitu kilikuwa karibu na mkono: sahani zilikaukia juu ya beseni, ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani, na vyombo vya aluminiamu vyenye mkono na mdomo wa kumiminia vilihifadhi mchele, sukari na chumvi. Unga uliwekwa katika droo ya mbao ya mwaloni, kwa sababu wadudu hawaupendi mti huo. Makabati yalipakwa rangi ya buluu iliyoaminiwa kufukuza nzi. Mlango wa kusukuma ulifungukia sebuleni, ili anayepika aweze kuona watoto.

Jiko hilo liliwekwa katika nyumba karibu 10,000 za Frankfurt, na majiko mengi ya kisasa yanayouzwa leo ni watoto wake. Lilisifiwa, lakini pia lililalamikiwa. Kulikuwa na fasi ya mtu mmoja tu, na waliozoea kupika pamoja na binti ao mama mkwe walijikuta wamefungiwa peke yao.

Nafuu, lakini kwa nani?

Römerstadt, uliojengwa mwaka wa 1927 na wa 1928 ukiwa na nyumba karibu 1,200, ulikuwa fahari ya May. Ulikuwa mtaa wa kwanza Ujerumani ambamo nyumba zote zilitumia umeme, hata kwa kupikia. Kila nyumba ilikuwa na bafu, na familia nyingi zilipata bustani ya kulimia mboga. Kwa mfanyakazi aliyetoka katika chumba cha giza katikati ya mji, hayo yalikuwa maisha mengine.

Tatizo ni kwamba mfanyakazi huyo, mara nyingi, hakuweza kuingia. Pesa ya nyumba ilikuwa juu kuliko uwezo wa mtu asiye na ufundi. Waliohamia walikuwa hasa makarani, walimu na mafundi wenye mshahara mzuri. May alilijua hilo, na halikumfurahisha.

Mwaka wa 1929 alikaribisha Frankfurt mkutano wa pili wa wasanifu wa kisasa wa dunia, uliojulikana kwa kifupi kama CIAM. Mada ilikuwa moja: nyumba ya mtu mwenye mapato ya chini kabisa. Inahitaji mita ngapi, mwanga kiasi gani, hewa kiasi gani, ili binadamu aishi bila kudhalilika? Msimamo wa May ulikuwa kwamba nyumba ndogo yenye jua na maji, ambayo mfanyakazi anaweza kuilipia, ni bora kuliko nyumba kubwa asiyoifikia. Westhausen, mtaa ulioanza mwaka huo, ulifuata wazo hilo. Nyumba zake nyingi zilikuwa za mita za mraba karibu 40 tu.

Ndipo uchumi wa dunia ulipoanguka. Mikopo ilikauka, mamilioni ya Wajerumani walipoteza kazi, na mpango wa Frankfurt ukaanza kusimama.

Treni ya Moscow

Mwezi wa kumi wa mwaka wa 1930, May alipanda treni kuelekea Moscow pamoja na familia yake na kikosi cha wasanifu na wahandisi karibu ishirini. Serikali ya Kisovieti ilikuwa imemwalika kuchora miji mipya ya viwanda. Kwa mtu aliyeona mradi wake ukikosa pesa, nchi iliyotaka kujenga miji mizima kwa mara moja ilionekana kama ndoto.

Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa Magnitogorsk, mji wa chuma kwenye milima ya Ural. May alichora mitaa mirefu ya nyumba zilizopangwa safu kwa safu, yenye shule, vituo vya watoto na majiko ya pamoja. Lakini alipofika, ujenzi ulikuwa umeshaanza, na mahali pa mji palibishaniwa kwa sababu ya moshi wa viwanda. Simenti, vioo na mabomba vilikosekana. Wafanyakazi walilala katika mahema na vibanda vya mbao wakati wa baridi kali. Kikosi kilichora mipango ya miji mingine mingi, hata Siberia, na sehemu kubwa ilibaki kwenye karatasi.

Siasa nayo ilibadilika. Stalin na watu wake walianza kutaka majengo yenye nguzo na mapambo, na usanifu mkavu wa wageni ukapoteza kibali. Mwisho wa mwaka wa 1933, May aliondoka.

Lakini hakukuwa tena na nyumbani pa kurudi. Hitler alikuwa ameshika madaraka tangu mwezi wa kwanza wa mwaka huo. May alikuwa na asili ya Kiyahudi, alikuwa amejenga paa ambazo Wanazi walizichukia, na alikuwa ametumikia Moscow. Meya Landmann, naye mwenye asili ya Kiyahudi, alifukuzwa kazini. Baadaye alikimbilia Uholanzi, akafa huko mwaka wa 1945 akiwa mafichoni, miezi michache kabla ya vita kwisha. Schütte-Lihotzky, aliyerudi Vienna kusaidia upinzani dhidi ya Wanazi, alikamatwa mwaka wa 1941 na kukaa gerezani mpaka mwisho wa vita. Yeye aliishi hadi mwaka wa 2000, akiwa na umri wa miaka 102.

Mkulima chini ya mlima Meru

May alichagua Afrika. Mwaka wa 1934, akikaribia miaka 48, alifika Tanganyika, koloni la zamani la Ujerumani lililokuwa sasa chini ya Waingereza. Alinunua shamba karibu na Arusha na kuwa mkulima. Mtu aliyekuwa akiongoza ujenzi wa mji mzima alikuwa sasa akingoja mvua kama jirani zake.

Hakudumu shambani. Mwaka wa 1937 alihamia Nairobi, akafungua biro, akaanza kuchora majengo kwa walowezi wa Kizungu na wafanyabiashara wa Kihindi. Vita Kuu ya Pili vilipoanza, jambo la ajabu lilimpata. Wanazi walimwona adui kwa sababu ya asili yake, na Waingereza nao walimwona adui kwa sababu ya pasipoti yake. Mwaka wa 1940 alizuiliwa kama Mjerumani na kupelekwa katika kambi Afrika Kusini, ambako alikaa miaka miwili hivi.

Kampala na mipaka ya macho yake

Alipoachiliwa, serikali ya kikoloni ya Uganda ilimpa kazi kubwa: kuchora upanuzi wa Kampala kwenye vilima vya Kololo na Naguru, kati ya mwaka wa 1945 na mwaka wa 1947.

Katika mchoro huo mtu anatambua mkono wa Frankfurt. Nyumba zinafuata umbo la vilima, mabonde yanabaki kijani, kila mtaa una shule na mahali pa kukutania. Lakini anatambua pia mkono wa ukoloni. Wazungu, Wahindi na Waafrika walipangiwa kila kundi upande wake, na fasi za kijani kati yao zilitumika kama mipaka. Bustani iliyokuwa Frankfurt mahali pa mfanyakazi kupumua, Kampala ilikuwa pia uzio. May aliona Waafrika kama watu walio katika safari ya kuelekea maisha ya kisasa, safari ambayo Wazungu ndio wangeiongoza na kupima mwendo wake. Wenyeji wa Buganda, waliokuwa na mji wao wa kifalme juu ya vilima vya jirani muda mrefu kabla ya Waingereza, hawakuwa na neno kubwa katika mpango huo.

Mtu anaweza kusema kwamba alikuwa mtu wa wakati wake, na kwamba serikali iliyomlipa ndiyo iliyoamua. Ni kweli kwamba ubaguzi wa mitaa haukuanzishwa naye. Lakini huyu ndiye mtu aliyekuwa amefukuzwa kwao kwa sababu ya damu yake. Kwamba alikubali kuchora mji kwa kufuata rangi za watu ni jambo ambalo historia yake haiwezi kulipita kimya.

Wakati huo huo alirudia ndoto ya nyumba ya kiwandani. Alibuni namna ya kujenga nyumba za Waafrika kwa vipande vya simenti vilivyotundikwa kwa kulabu juu ya mbavu zilizopinda, hata nyumba nzima ikawa na umbo la upinde, kama kibanda cha asili kilichorudiwa kwa simenti. Vipande vilikuwa vidogo ili watu wasio na ufundi waweze kuvibeba na kuvipanga. Mfumo huo haukuenea. Simenti na chuma viligharimu, na hakuna kodi kama ile ya Frankfurt iliyowekwa ili kulipia nyumba za wafanyakazi wa koloni.

Nyumba za Waafrika zilizojengwa na serikali za kikoloni katika miaka hiyo zilitokana zaidi na hofu ya migomo na haja ya kuwa na wafanyakazi wanaokaa mjini. Upande wetu pia, Wabelgiji walianzisha mwaka wa 1952 shirika lililoitwa Office des Cités Africaines, ambalo lilijenga mitaa katika miji kama Léopoldville, Élisabethville na Bukavu. May hakuwa na mkono humo, lakini swali lilikuwa lile lile, na mwenye kuamua alikuwa wa namna ile ile.

Wakulima wa kahawa wa Moshi

Kati ya kazi zake za Afrika, moja inasimama kando. Mjini Moshi, chini ya Kilimanjaro, wakulima Wachaga walikuwa wameunda tangu mwaka wa 1933 chama cha ushirika cha kahawa, kinachojulikana kama KNCU. Kahawa ilipopanda bei baada ya vita, chama kilikuwa na pesa yake, na mwishoni mwa miaka ya 1940 kikampa May kazi ya kuchora makao yake: biro, maduka, vyumba vya kulala wageni na mahali pa kukutania.

Huko mteja alikuwa Mwafrika, na pesa ilitoka kwenye magunia ya kahawa yake mwenyewe. Jengo hilo refu, lenye vivuli vya kukinga jua na paa tambarare ambalo mtu akipanda anaona mlima, bado liko katikati ya Moshi. Mombasa nako alichora hoteli ya Oceanic, iliyopinda ikiitazama bahari, pamoja na mpango wa mtaa wa nyumba za Waafrika upande wa Tudor.

Mwezi wa kumi wa mwaka wa 1952, Waingereza walitangaza hali ya hatari nchini Kenya kwa sababu ya Mau Mau. Biashara ilipungua, na Ujerumani, iliyobomolewa na mabomu, ilihitaji watu wanaojua kujenga haraka.

Kurudi Ujerumani

Mwanzoni mwa mwaka wa 1954, May aliingia Hamburg akiwa na miaka 67. Aliajiriwa na Neue Heimat, kampuni ya nyumba ya vyama vya wafanyakazi, akaongoza upangaji wake kwa miaka miwili. Alichora mpango wa kujenga upya Altona, sehemu ya Hamburg iliyoteketezwa na vita. Baadaye alifanya kazi Mainz na Wiesbaden, na akashiriki katika kuchora Darmstadt-Kranichstein.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa Neue Vahr, huko Bremen. Mji ulikuwa na maelfu ya familia zisizo na makao, kati yao wakimbizi kutoka mashariki. May na wasanifu wengine, Hans Bernhard Reichow, Max Säume na Günther Hafemann, walipanga mtaa wa nyumba karibu 10,000, kwa watu karibu 30,000, uliojengwa kati ya mwaka wa 1957 na mwaka wa 1962. Katikati yake msanifu wa Finland, Alvar Aalto, alisimamisha jumba la ghorofa 22.

Kwa familia zilizotoka katika vibanda vya dharura, bafu na joto la baridi vilikuwa baraka. Lakini miaka haikupita mingi, malalamiko yakaanza. Majumba yalikuwa makubwa, njia pana, magari mengi, na kijana hakuwa na pa kwenda jioni. Frankfurt, May alijenga hasa nyumba za ghorofa mbili ao tatu zenye bustani mbele ya mlango. Bremen, hesabu ya haraka na wingi ilikuwa imeshinda. Neue Heimat yenyewe iliishia kwa aibu: mwaka wa 1982 ilifichuliwa kwamba baadhi ya wakubwa wake walikuwa wakijitajirisha, na mwaka wa 1986 kampuni hiyo iliyobeba jina la wafanyakazi iliuzwa kwa marka moja. May hakuyaona hayo.

Kilichobaki

Ernst May alikufa Hamburg tarehe 11 mwezi wa tisa mwaka wa 1970, akiwa na miaka 84. Alizikwa Frankfurt.

Mitaa yake ya Frankfurt bado ina watu. Tangu mwaka wa 2003, chama chenye jina lake kimekuwa kikitunza kumbukumbu zake, na nyumba moja ya Römerstadt imerudishwa katika hali yake ya mwanzo, pamoja na jiko la buluu, ili wageni waitembelee. Mapaa tambarare yaliyochekwa yamegeuka kuwa mali inayolindwa na sheria. Mfanyakazi wa mshahara mdogo, lakini, bado anapata shida kupanga nyumba Frankfurt, mji ambao leo ni wa mabenki na wa bei kali.

Wanaochunguza kazi yake hukumbuka michoro, lakini michoro peke yake haikujenga nyumba 12,000. Zilijengwa kwa sababu mji ulikuwa na viwanja vyake, kodi ilikuwa na lengo moja linalojulikana, na pesa iliyokusanywa ilifika kwenye matofali. Magnitogorsk, michoro ilikuwepo na vifaa havikuwepo. Kampala, michoro ilikuwepo, lakini waliochorewa hawakuulizwa. Moshi, wakulima walikuwa na kahawa yao, kiwanja chao na neno lao, na jengo lao linatumika mpaka leo.